Pantoni Isiondoke Kabla ya Daraja

Kuna hoja moja ambayo nimechoka kuisikia, nayo ni hoja ya asilimia ndogo. Mtu anapotaka kuondoa kitu ambacho wenzake wanakitumia, hasemi kwamba kitu hicho hakina maana, wala hasemi kwamba wanaokitumia hawana haki. Husema tu: "Ni wachache." Akishasema hivyo hujiona amemaliza kazi ya kufikiri. Nataka kuipinga hoja hiyo, na nitaipinga kwa kisa ambacho majirani zangu wengi hapa Sengerema hawajakisikia, ingawa kinatendeka ndani ya simu walizonazo mifukoni.

Kisa chenyewe ni hiki. Kila anayefungua tovuti hutumia programu iitwayo kivinjari. Vivinjari vikubwa ni vitatu: Chrome ya Google, Safari ya Apple na Firefox ya Mozilla. Vingine tunavyovijua, kama vile Opera na Edge, vimejengwa juu ya msingi uleule wa Chrome. Kazi ya kivinjari ni ya mkalimani. Ukurasa huandikwa kwa lugha za kompyuta zilizokubaliwa na mafundi wa dunia nzima, yaani viwango, na kivinjari huzigeuza lugha hizo kuwa maandishi na picha tunazoziona. Tangu Tim Berners-Lee aweke ukurasa wa kwanza kule CERN, Uswisi, mwaka 1991, mtandao umeishi kwa ahadi moja isiyoandikwa: ukifuata kiwango, ukurasa wako utafunguka leo, kesho na keshokutwa. Ukurasa ule wa kwanza ungali unafunguka hata katika simu iliyonunuliwa jana. Hilo si jambo dogo. Kanda za kaseti tulizorekodi zamani hazina tena pa kuchezeshwa; ukurasa wa mwaka 1991 unasomeka.

Miongoni mwa viwango hivyo kimo kimoja kiitwacho XSLT, kilichopitishwa tarehe 16 Novemba 1999. Msomaji asiogope jina. Tuseme halmashauri inataka kutangaza kila wiki bei ya pamba na dagaa. Kwa XSLT, bei zinaandikwa katika faili moja dogo, na maelekezo ya namna ya kuzipanga katika jedwali yanaandikwa katika faili la pili. Kivinjari cha msomaji ndicho kinachoyaunganisha mafaili hayo mawili. Maelekezo yanapakuliwa mara moja na kuhifadhiwa katika simu. Wiki zinazofuata huja zile bei tu, maneno machache. Hakuna haja ya kuajiri fundi wa kukesha na seva, wala msomaji halazimiki kumaliza bando lake kwa kupakua mapambo yaleyale kila siku. Kwa kifupi, ni ufundi unaomfaa mtu mwenye fedha kidogo na mtandao wa kusuasua. Ni sisi hao.

Mwezi Agosti 2025 wenye vivinjari walianza kujadiliana hadharani kuhusu kuiondoa XSLT. Watu wengi walipinga. Hata hivyo, baadaye mwaka huohuo Google walitangaza kwamba wataizima katika Chrome, na kwa ratiba waliyoitoa, Novemba 2026 ndiyo mwezi wa kuizima kwa watumiaji wa kawaida. Wenzao wa Firefox na Safari walionyesha kwamba nao wanaelekea hukohuko. Sababu walizozitoa ni tatu. Ya kwanza, msimbo wa kuendesha kiwango hicho ni wa zamani na una mianya ambayo wadukuzi wanaweza kupenyea. Ya pili, programu iitwayo libxslt, ambayo Chrome na Safari huitegemea kwa kazi hiyo, ilikuwa ikitunzwa na mtu wa kujitolea, naye alijiondoa mwaka 2025. Ya tatu ni ileile ninayoipinga: wanaoitumia ni wachache, takriban kurasa 2 katika kila 10,000 zinazofunguliwa.

Nianze na sababu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye uzito, na mtu mwenye haki hakimbii hoja yenye uzito. Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria hatuhitaji kufundishwa hatari ya chombo kibovu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapotea majini. Hakuna mtu wa Kanda ya Ziwa aliyeyashuhudia yale atakayesimama na kusema chombo kiendelee kubeba abiria kwa sababu tu kimezoeleka. Mwanya wa usalama katika kivinjari ni jambo la kweli. Simu hiyohiyo ndiyo yenye fedha za mtu, siri zake na picha za watoto wake. Anayetaka kuuziba mwanya huo namuunga mkono.

Lakini hebu tuulize: chombo hicho kilichakaaje? Toleo la XSLT lililomo ndani ya vivinjari ni lile la kwanza, la mwaka 1999. Toleo la 2 lilitoka mwaka 2007, na la 3 likatoka mwaka 2017, yote mawili yakiwa na maboresho makubwa. Vivinjari havikuyachukua. Kwa zaidi ya miaka 25 wenye pantoni hawakubadilisha hata ubao mmoja, kisha wakapanda juu yake, wakagonga sakafu kwa kisigino na kutuambia: "Mnaona? Imeoza. Tena abiria wamepungua." Abiria wasipungueje? Na kuhusu yule mtunzaji wa kujitolea, sijui aibu imeenda wapi. Makampuni yanayohesabiwa miongoni mwa matajiri kuliko yote duniani yalikuwa yakitegemea kazi ya mtu aliyekuwa akiifanya kwa mapenzi yake, bila mshahara wao. Alipochoka, hawakuona kwamba sasa ni zamu yao kubeba mzigo. Waliona kwamba mzigo sasa unaweza kutupwa.

Sasa niende kwenye asilimia. Kurasa 2 katika 10,000 zinasikika kama si kitu. Lakini wahenga walituambia kwamba haba na haba hujaza kibaba. Katika kila kurasa bilioni moja zinazofunguliwa, hizo 2 katika 10,000 zinakuwa 200,000. Tena hesabu hiyo inatoka wapi? Inatoka katika vivinjari vinavyotuma taarifa kwa mwenye navyo. Kompyuta ya shule iliyofungiwa mtandao kwa sababu ya gharama, inayosomesha wanafunzi kwa mafaili yaliyowekwa humo kwa diski, haitumi taarifa kwa mtu yeyote. Haimo katika zile kurasa 2, wala haimo katika zile 10,000. Mpimaji amesimama barabarani akihesabu magari, kisha akatangaza kwamba hakuna watu wanaotembea kwa miguu.

Na hata kama hesabu ingekuwa sahihi, swali lililobaki ni hili: hao wachache ni nani? Hapo ndipo hoja ya asilimia inapoficha uso wake. Miswada ya Bunge la Marekani ni miongoni mwa maandiko yanayosomeka mtandaoni kwa njia ya XSLT. Wale hawana wasiwasi. Wana wataalamu, wana bajeti, watairekebisha tovuti yao kabla ya siku kufika. Fikiri badala yake juu ya kurasa za miradi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mji wetu wa Sengerema ulipata kituo cha mawasiliano cha jamii, kwa ushirikiano wa Tume ya Sayansi na Teknolojia na mashirika ya kimataifa yakiwemo ITU, UNESCO na IDRC. Watu wa vijijini waliigusa kompyuta kwa mara ya kwanza pale, na redio ya jamii ikazaliwa katika mpango huohuo. Vituo vya namna hiyo vilifunguliwa sehemu nyingi za Afrika. Kila aliyeufuatilia mradi wa wafadhili anaijua tabia yake: una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Fundi aliyeandika kurasa huja na mkataba na huondoka na mkataba. Anachokiacha ni kurasa zisizo na mwenyewe, zenye habari za kilimo, za magonjwa, za sheria za ardhi, nyingine kwa Kiswahili chetu hiki. Kurasa hizo zinaendelea kusomeka kwa sababu moja tu, kwamba hazihitaji mtu wa kuzigusa.

Kumwambia mwenye tovuti ya namna hiyo "rekebisha ukurasa wako" ni sawa na kumpelekea marehemu hati ya kuitwa mahakamani.

Ni kweli, Google wametoa tiba. Wametengeneza kipande cha msimbo ambacho mwenye ukurasa anaweza kukiongeza ili ukurasa wake uendelee kufunguka. Je, asiyekuwepo ataongeza nini? Wametoa pia kiongezi ambacho msomaji mwenyewe anaweza kukiweka katika Chrome yake. Lakini Chrome ya kwenye simu za Android haipokei viongezi, na hapa kwetu watu wengi hawana kompyuta. Simu ndiyo kompyuta, ndiyo benki, ndiyo redio. Tena wameongeza muda hadi mwaka 2027 kwa wamiliki wa tovuti watakaojiandikisha na kwa makampuni yenye wataalamu wa kusimamia kompyuta zao. Tazama basi nani amehurumiwa: aliyesikia tangazo, anayejua Kiingereza cha mafundi, mwenye mtaalamu wa kujaza fomu. Asiye na hivyo vyote ndiye anayezimiwa kwanza.

Atatokea wa kusema kwamba sisi Watanzania tumezoea mambo ya kuzimiwa, tena na serikali yetu wenyewe. Ni kweli, na mfano huo unanisaidia mimi. Mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Mwanza ikafuata mwishoni mwa Februari 2013. Aliyekuwa na televisheni ya zamani alilazimika kununua king'amuzi au kukaa akitazama kioo cheusi. Wengi walinung'unika, nami nawaelewa. Tena mwezi Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima. Lakini angalia yalivyofanyika. Miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe tulitangaziwa kwa Kiswahili, redioni na magazetini, tubonyeze *#06#, tutume namba kwenda 15090, tujue kama simu zetu ni halali. Aliyekuwa akizima alikuwa na jina, TCRA, na ofisi, na sheria iliyompa mamlaka. Mwananchi asiyeridhika alikuwa na mbunge wa kumbana. Sisemi kwamba kila mwenye malalamiko alisikilizwa; nasema alikuwa na mlango wa kugonga.

Katika jambo hili la vivinjari mlango uko wapi? Kampuni tatu za Marekani zinapokubaliana, lugha ya kompyuta inakufa Busisi, Nyehunge na Katunguru kama inavyokufa California, na hakuna mtu wa Busisi aliyeulizwa. Hakuna tangazo la redio. Mtu atafungua ukurasa alioufungua mwezi uliopita, ataona maandishi yaliyovurugika au weupe mtupu, na atadhani simu yake imeharibika. Atampelekea fundi simu, fundi atamtoza fedha, na ukurasa hautarudi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mijini hawalioni. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2023 Chrome mpya haikubali kuingia katika kompyuta zenye Windows 7, na kompyuta za mitumba zinazoletwa shuleni na maofisini kwetu mara nyingi ni za umri huo. Kompyuta hiyo kuukuu imebaki na kivinjari cha zamani, na kila mwaka kurasa mpya zinazidi kukikataa. Sasa kivinjari kipya nacho kinaanza kuzikataa kurasa za zamani. Tumefika mahali ambapo mwenye chombo kikuukuu haoni mapya, na mwenye chombo kipya haoni ya kale. Mwalimu na mwanafunzi wake, kila mmoja akiwa na kifaa chake, wanaweza kukosa ukurasa mmoja wa kuusoma pamoja. Mtandao uliosifiwa kwamba unaunganisha watu unageuka kuwa ziwa lisilo na kivuko.

Nimetaja kivuko kwa makusudi. Kwa miaka mingi sisi wa Sengerema tulivuka kwenda Mwanza kwa pantoni kati ya Busisi na Kigongo. Tulipanga foleni juani, wagonjwa wakisubiri pamoja na magari ya ng'ombe na samaki. Hakuna aliyeipenda foleni ile. Daraja lilipoanza kujengwa tulishangilia, na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua rasmi Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, nasi leo tunavuka kwa dakika chache. Mimi si mtu wa kulilia ya kale. Ila hebu kumbuka: miaka yote ya ujenzi, nguzo zikipanda kutoka majini moja baada ya moja, pantoni ziliendelea kuvusha. Hakuna mhandisi aliyekuja mwaka 2021 akasema kwamba pantoni ni za zamani, zina hatari, na abiria wake ni asilimia ndogo ya wasafiri wa Tanzania, kwa hiyo ziondolewe na kila mtu ajitafutie mtumbwi. Angesema hivyo tungemwona ana kichaa. Huo ndio utaratibu wa watu wazima: daraja kwanza, kisha pantoni ipumzike. Wahenga walilisema hilo waliposema usiache mbachao kwa msala upitao.

Je, katika vivinjari daraja linawezekana? Linawezekana, na wao wenyewe wamekwisha kulijenga mahali pengine. Zamani kufungua faili la PDF ndani ya kivinjari kulihitaji programu ya pembeni iliyokuwa na mianya mingi. Mwaka 2013 Mozilla waliweka ndani ya Firefox kisomaji chao kiitwacho PDF.js, kilichoandikwa kwa JavaScript, kinachofanya kazi ndani ya boma lilelile la ulinzi linalozizuia kurasa za kawaida. Mwanya ukazibwa, na PDF za watu zikabaki. Vilevile Adobe walipoizika Flash tarehe 31 Desemba 2020, mafundi wa kujitolea walikuwa wamekwisha kuanza kutengeneza programu ya Ruffle, na kwa msaada wake michezo na katuni za zamani zinafunguka hadi leo katika hifadhi ya Internet Archive. Kwa XSLT kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu kile kipande cha kutafsiri tayari kipo. Google wamekitengeneza wenyewe! Wanachokataa ni kukiweka ndani ya kivinjari, kikae kimya mpaka ukurasa wa zamani ukihitaji. Wanataka kila mwenye ukurasa duniani abebe tofali lake mwenyewe, ili wao wasibebe moja.

Wengine wataniuliza kama Sengerema haina shida kubwa kuliko hii. Maji je? Dawa je? Barabara za vijijini je? Shida hizo ninazijua. Lakini nani alisema kwamba mtu mwenye kiu hapaswi kuibiwa vitabu? Kurasa za Kiswahili mtandaoni ni chache ukizilinganisha na za Kiingereza. Nyumba yenye maktaba ya vitabu elfu ikiungua rafu moja, husikitika. Nyumba yenye vitabu kumi ikipoteza viwili, imepoteza sehemu ya tano ya elimu yake. Ndiyo maana asilimia iliyopigwa California haiwezi kupima hasara ya hapa.

Ninachokidai si kwamba kila cha zamani kitunzwe milele. Nadai mambo matatu. Kwanza, anayeondoa ndiye ajenge: kama kipande cha kutafsiri kipo, kiwekwe ndani ya kivinjari na kiendeshwe ndani ya boma la ulinzi, gharama zikiwa juu ya mwenye kivinjari anayevuna faida. Pili, kivinjari kinapokutana na ukurasa kisioweza tena kuusoma, kisimwonyeshe msomaji weupe. Kimwambie, kwa lugha aliyoichagua katika simu yake, kwamba ukurasa huu ni wa zamani, kwamba simu yake haina kosa, na njia ya kuusoma ni hii. Tatu, na hili ni letu: Tume ya Sayansi na Teknolojia, vyuo vikuu vyetu na maktaba zetu zikusanye kurasa za Kiswahili zilizo hatarini na kuzigeuza kuwa maandishi ya kawaida, kabla ya kufungwa na watu wasiojua hata kwamba zipo. Nanyi mnaoandika kurasa za vijiji, vyama vya ushirika, shule na misikiti na makanisa yenu, msingoje: fungueni kurasa zenu leo, hifadhini nakala yake isiyohitaji ufundi wowote, na mchapishe nyingine katika karatasi.

Na kwa yule atakayetuambia tena kwamba sisi ni wachache, jibu ni fupi. Tunajua. Tunachomtaka atuambie ni nani atakayetuvusha.